Masaa yakipungua Iowa, minervali inachelewa Kivu

Kila mwezi serikali ya Marekani inahesabu masaa ambayo wafanyakazi wa viwanda na ujenzi wanalipwa kwa juma, jimbo kwa jimbo. Hesabu hiyo inaonekana kuwa ya wataalamu peke yao. Lakini kwa familia za Uvira, Fizi, Bukavu au Goma zenye mtoto ama ndugu kule, njo hesabu inayoeleza juu ya nini makuta ya mwezi huu yamefika nusu, ao hayakufika kabisa.

"Masaa imepunguka." Familia nyingi za mashariki mwa Kongo zimekwisha kusikia neno hilo kwenye WhatsApp mwisho wa mwezi, wakati mkuu wa shule anangoja minervali na mwenye nyumba anabisha mlango. Wengine wanaamini. Wengine wanasema ni kisingizio: kiwanda hakijafungwa, yaya hajafukuzwa, kila siku anaamka kwenda kazini, sasa inakuwaje aseme hana kitu? Kuna ndugu ambao hawazungumzi tena juu ya jambo hilo.

Kumbe mtu anaweza kuwa na kazi, kuwa mwaminifu, na bado kupoteza karibu feza yote aliyokuwa anabakiza. Ili kuelewa, inafaa kuacha kuuliza tu kama ana kazi, na kuanza kuuliza ana masaa ngapi.

Kwa nini jimbo la Iowa

Marekani ina majimbo 50, na Wakongomani wako katika mengi kati yake. Katika mwaka wa bajeti wa 2024 peke yake, wakimbizi karibu 20,000 wenye asili ya Kongo walipokelewa kule, kuliko wa nchi nyingine yoyote. Wengi walitokea kambi za Nyarugusu kule Tanzania, Nakivale na Kyangwali kule Uganda, na kambi za Rwanda na Burundi. Wengine waliingia kwa loteri ya viza.

Iowa ni jimbo la katikati ya nchi, lenye watu karibu milioni 3.2. Nguruwe ni zaidi ya milioni 20. Maana yake, kwa kila mtu kuna nguruwe zaidi ya sita. Ni jimbo la kwanza Marekani kwa nyama ya nguruwe na kwa mahindi. Kazi za kuchinja, kukata na kufunga nyama hiyo zinahitaji mikono mingi, na haziulizi diplome wala Kiingereza kizuri. Ndiyo sababu katika miji kama Waterloo, Cedar Rapids na Des Moines, mji mkuu, Kiswahili cha Kivu kinasikika leo kanisani, dukani na mbele ya milango ya usini.

Jimbo hilo lina pia viwanda vya matrekta, vya unga na sukari ya mahindi, na ujenzi mwingi. Viwanda peke yake vinaajiri watu zaidi ya 200,000. Kwa hiyo mtu akitaka kujua hali ya ndugu wa Iowa, hesabu ya masaa ya viwanda na ujenzi ni mahali pazuri pa kuanzia.

Ni masaa gani yanahesabiwa

Ofisi ya takwimu za kazi ya Marekani inauliza kampuni kila mwezi: katika kipindi cha malipo chenye tarehe 12, mlilipa watu wangapi, na masaa mangapi? Masaa yote yanajumlishwa, halafu yanagawanywa kwa idadi ya wafanyakazi. Jibu ndilo wastani wa masaa kwa juma.

Kuna kundi moja linaloitwa kazi za kutengeneza vitu. Ndani yake muna mambo matatu: uchimbaji wa madini pamoja na ukataji wa miti, ujenzi, na viwanda. Mtu anayechinja nguruwe katika usini anahesabiwa humo. Mtu anayelisha nguruwe katika shamba hahesabiwi, juu ya kilimo kiko pembeni.

Kwa nchi nzima, wafanyakazi wa viwanda wanakaa karibu na masaa 40 kwa juma. Kazi zote za watu binafsi zikichanganywa, pamoja na maduka na mahoteli, wastani unashuka hadi karibu 34. Kwa hiyo mtu aliyepata nafasi ya usini anajiona amepata bahati: masaa yake ni mengi kuliko ya yule anayepanga vitu dukani.

Hesabu inapopanda ao kushuka, inacheza kidogo sana: nusu saa, ao chini yake. Mtu anaweza kusema nusu saa si kitu. Tufanye hesabu. Watu 200,000 wakipoteza kila mmoja nusu saa kwa juma, ni masaa 100,000 yaliyopotea. Ni kazi ya watu 2,500 wanaofanya masaa 40. Hakuna aliyefukuzwa, hakuna gazeti lililoandika, lakini mishahara ya watu 2,500 haikuingia katika nyumba za jimbo hilo juma ile.

Mstari wa 40

Mwaka 1938 rais Franklin Roosevelt alitia sahihi sheria ya kazi ambayo ingali inaongoza hadi leo. Sheria hiyo ilianza na masaa 44 kwa juma, ikashuka kwa 42 mwaka uliofuata, na tangu 1940 ni 40. Haikatazi mtu mzima kufanya masaa 50 ao 60. Inasema tu kwamba kila saa inayopita 40 ilipwe mara moja na nusu. Wafanyakazi wa mashamba waliachwa nje ya haki hiyo.

Hapo ndipo siri ya makuta inakaa. Tuchukue mfano, si wa mtu fulani bali wa kuelewa: mfanyakazi anayelipwa dola 20 kwa saa.

Akifanya masaa 48, yale 40 ya kwanza yanampa dola 800. Yale 8 ya ziada yanalipwa dola 30 kila moja, ni 240. Jumla ni dola 1,040 kwa juma. Usini ikiondoa kazi ya siku ya posho na kupunguza kidogo siku zingine, akabaki na masaa 36, atapata dola 720. Masaa yamepungua kwa robo, lakini mshahara umepungua karibu kwa theluthi, juu ya masaa ya kwanza kupotea ni yale yenye bei kubwa.

Sasa tupige hesabu ya majuma manne. Zamani alikuwa anapata dola 4,160, leo ni 2,880. Tuseme makato ya kodi na mengine ni asilimia 15. Anabaki na 3,536 zamani, na 2,448 leo. Nyumba, gari, mafuta ya gari, umeme, simu na chakula cha watoto, tuseme ni dola 2,200. Hizo hazipungui hata kama masaa yamepungua. Zamani alibaki na dola 1,336. Leo anabaki na 248.

Hapo njo familia inapoachana na ukweli. Kijijini watu wanasikia kwamba masaa yamepungua kwa robo, wanangoja makuta yapungue kwa robo. Lakini makuta ya kutuma hayatoki katika mshahara wote. Yanatoka katika kile kilichobaki, na kile kilichobaki kimepungua zaidi ya mara tano.

Kwa wale waliofika karibuni, kuna deni lingine. Mkimbizi anayepelekwa Marekani anapewa tiketi ya ndege kwa mkopo usio na faida. Baada ya miezi sita ya kwanza anaanza kuulipa kidogo kidogo kila mwezi. Familia ya watu wanane ina deni la tiketi nane.

Masaa hukatwa kabla ya watu

Juu ya nini kampuni inapunguza masaa badala ya kufukuza watu? Kwa sababu ni rahisi. Kumfundisha mtu kushika kisu vizuri kunachukua muda na feza. Akifukuzwa leo na kazi ikarudi mwezi ujao, kampuni itaanza upya. Kwa hiyo soko likipoa, ao nguruwe wakifika wachache, ao mashine ikiharibika, wa kwanza kuguswa ni saa.

Wataalamu wa uchumi wanajua hivyo. Shirika la Conference Board, linalotafuta dalili za uchumi wa Marekani kabla ya mambo kufika, limeweka masaa ya juma ya viwandani kati ya dalili kumi linazofuata. Masaa yakishuka miezi kadhaa mfululizo, mara nyingi kazi zenyewe zinafuata. Mwezi wa nne 2020, wakati wa Korona, masaa ya viwanda vya nchi nzima yalianguka kwa masaa 2.1 kwa mwezi mmoja, yakafika 38.3. Kwa hesabu ambayo kawaida inacheza kwa sehemu ndogo ya saa, huo ulikuwa mwanguko mkubwa.

Sheria nayo inasaidia kueleza ukimya. Kwa sheria ya 1988, kampuni yenye wafanyakazi 100 ao zaidi ikitaka kufunga kiwanda inapaswa kutangaza siku 60 mbele. Ndivyo ilivyokuwa Perry, mji wa Iowa wenye watu karibu 8,000. Mwezi wa tatu 2024 kampuni ya Tyson Foods ilitangaza kwamba itafunga usini yake ya nguruwe pale, na mwisho wa mwezi wa sita watu karibu 1,300 walikuwa wamekosa kazi. Lilikuwa pigo, lakini kila mtu alijua tarehe. Mwaka huohuo John Deere, kampuni ya matrekta, ilisimamisha mamia ya wafanyakazi kule Iowa, pamoja na Waterloo, kwa sababu wakulima walikuwa wananunua mashine chache. Hilo pia liliandikwa magazetini.

Lakini kutoa masaa 48 na kubakiza 36 hakuhitaji barua ya siku 60. Sheria hiyo ya kutangaza inagusa masaa ikiwa tu yamepunguzwa kupita nusu, na kwa miezi sita. Chini ya hapo, mkubwa wa timu anaweza kusema tu jioni: kesho hakuna kazi. Kwa hiyo ndugu anayesema "nilijulishwa jana" hasemi uongo.

Iowa ina mpango wa kugawana kazi, ambapo kampuni ikipunguza masaa ili isifukuze watu, jimbo linawalipa wafanyakazi sehemu ya msaada wa ukosefu wa kazi. Ni mpango mzuri, lakini kampuni yenyewe ndiyo inapaswa kuomba. Mfanyakazi hawezi kujiandikisha peke yake.

Kuna tena mstari mwingine, wa 30. Sheria ya bima ya afya inadai kampuni yenye wafanyakazi 50 ao zaidi iwape nafasi ya bima wale wenye wastani wa masaa 30 kwa juma na kuendelea. Mtu akishuka chini yake kwa muda mrefu, anaweza kupoteza si makuta tu bali hata karatasi ya hospitali. Katika nchi ambamo usiku mmoja wa hospitali unaweza kuleta deni la maelfu ya dola, masaa hayo yana uzito.

Wastani unaficha watu

Hata hivyo, hesabu ya jimbo haiambii familia kila kitu, na mara nyingine inaweza kudanganya.

Tuseme usini ndogo ina watu kumi. Sita wa zamani wanafanya masaa 44, wanne wapya wanafanya 30. Jumla ni masaa 384, wastani ni 38.4. Kampuni ikiwafukuza wale wanne wapya, wastani unaruka hadi 44. Karatasi ya serikali itaonyesha masaa yamepanda, wakati watu wanne wako nyumbani bila kazi. Ndiyo maana hesabu ya masaa isomwe pamoja na hesabu ya watu walio kazini. Yote mawili yakishuka, hali ni mbaya kweli.

Tena, si kila Mkongomani anayeingia usini kila siku anahesabiwa katika kazi za kutengeneza vitu. Wengi wanaofika wapya wanaanza kupitia kampuni za kukodisha wafanyakazi. Anavaa nguo zilezile, anasimama kwenye mstari uleule, lakini anayemlipa ni kampuni ya kukodisha, na masaa yake yanaandikwa katika kundi la huduma. Ni vilevile kwa watu wa kampuni za usafi wanaoosha mashine usiku. Hao wa kukodishwa ndio mara nyingi wa kwanza kuambiwa wasirudi, na hesabu ya viwanda haiwaoni.

Mwisho, hesabu inafuata nafasi za kazi, si watu. Mama anayefanya masaa 32 usini na 15 katika nyumba ya wazee anaonekana kama wafanyakazi wawili wenye masaa kidogo. Hakuna mahali karatasi inaandika kwamba ni mtu mmoja aliyechoka masaa 47.

Dakika ambazo hazikuandikwa

Masaa yanayohesabiwa ni yale yaliyolipwa, na si kila saa ya kazi inalipwa. Iowa ndiyo ilitoa moja ya kesi kubwa juu ya jambo hilo.

Katika mji wa Storm Lake, wafanyakazi wa usini ya nguruwe ya Tyson Foods walilalamika kwamba muda wa kuvaa na kuvua vifaa vya kujikinga, na muda wa kutembea hadi kwenye mstari wa kazi, haukulipwa inavyofaa. Mtu wa kisu havai shati tu. Kuna kofia ngumu, aproni, glavu za chuma, na mahali pa kuweka kisu. Kampuni ilikuwa imelipa wengine dakika nne kwa siku kwa ajili ya kazi hiyo. Mtaalamu wa upande wa wafanyakazi alipiga video mamia ya watu wakivaa na kuvua, akapata wastani wa dakika 18 kwa siku katika vitengo vya kukata, na zaidi ya 21 katika kitengo cha kuchinja.

Dakika 18 kwa siku tano ni saa moja na nusu kwa juma. Kwa majuma 50 ni masaa 75, karibu majuma mawili mazima ya kazi. Na kwa kuwa wengi walikuwa wamekwisha kufikia 40, muda huo ulipaswa kulipwa mara moja na nusu.

Baraza la wananchi mahakamani liliwapa wafanyakazi karibu dola milioni 2.9, kwa kundi la watu zaidi ya 3,000. Kampuni ilipanda hadi Mahakama Kuu ya Marekani. Tarehe 22 mwezi wa tatu 2016, majaji sita kwa wawili waliwapa wafanyakazi haki. Kampuni ilikuwa imesema kwamba kila mtu ana dakika zake, hawawezi kuchanganywa. Mahakama ikajibu kwamba kwa kuwa mwajiri hakuandika dakika hizo, wafanyakazi wanaruhusiwa kutumia wastani ili kuzionyesha.

Somo ni rahisi, na linafika hadi kwa mwenye kufika juzi: aandike mwenyewe masaa yake. Saa aliyoingia, saa aliyoanza kuvaa, saa aliyotoka. Daftari ndogo ya mfukoni inaweza kuwa ushahidi siku karatasi ya malipo haikubaliani na mwili wake.

Masaa mengi nayo yana bei

Isifikiriwe kwamba dawa ni masaa 60. Kazi ya nyama ni kurudia mkono mmoja maelfu ya mara kwa siku, katika baridi, na kisu kikali. Mabega, viganja na mgongo vinaharibika. Kadiri masaa yanavyopanda, uchovu unapanda, na kisu hakimhurumii aliyechoka.

Waterloo ilijifunza hilo mwaka 2020. Usini ya Tyson ya mji huo, yenye wafanyakazi karibu 2,800, Wakongomani wakiwa kati yao pamoja na Wabosnia na Waburma, iliendelea na kazi wakati Korona ilikuwa inaingia. Ilifunga tarehe 22 mwezi wa nne, wakati ugonjwa ulikuwa umekwisha kuenea. Idara ya afya ya wilaya ilihesabu wafanyakazi zaidi ya 1,000 walioambukizwa. Wengine walikufa. Watu walikuwa wameendelea kwenda kazini juu ya kila saa ilikuwa na mtu anayeingoja: mwenye nyumba kule, na familia huku.

Hapo familia za Kongo nazo zina sehemu. Simu ya kila juma inayosema "ongeza kidogo" inaweza kumsukuma mtu kukubali kazi ya siku ya saba.

Njia imekuwa ndefu zaidi

Mambo mawili yamefanya kila saa ya Iowa kuwa na uzito zaidi kuliko miaka mitatu iliyopita.

La kwanza ni huku. Tangu mapema 2025, benki zilipofunga milango Goma na Bukavu, familia nyingi zinapokea makuta kwa simu na kulipa makato makubwa ili kupata noti mkononi. Dola 100 zinazotoka Waterloo hazifiki 100 sokoni Kadutu ao Virunga.

La pili ni kule. Tangu tarehe 1 mwezi wa kwanza 2026, Marekani inakata kodi ya asilimia 1 kwa feza inayotumwa nje ikiwa mtumaji amelipa kwa noti ao kwa hundi za aina fulani. Anayetuma kutoka akaunti yake ya benki ao kwa kadi ya benki ya Marekani haguswi. Kwa dola 300 ni dola 3 tu, lakini ni dola 3 ambazo zinaweza kubaki mfukoni kwa kubadilisha tu njia ya kutuma. Inafaa kuwaambia wazee walio kule ambao wamezoea kwenda dukani na noti.

Zaidi ya hayo, tangu mwezi wa kwanza 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha mpango wa kupokea wakimbizi. Walio Nyarugusu na Nakivale waliokuwa wamemaliza hata vipimo vya hospitali wamebaki kambini. Ndugu aliye Iowa, aliyefikiri mama na wadogo zake watafika na kufanya kazi pamoja naye, sasa anawatumia wao pia. Masaa yaleyale yanagawanywa kwa milango mingi zaidi.

Na huku Kongo?

Kongo nayo ina mstari wake. Sheria ya kazi ya mwezi wa kumi 2002 inaweka masaa 45 kwa juma na 9 kwa siku, na kinachopita hapo kinapaswa kulipwa zaidi. Katika ofisi na kampuni kubwa mstari huo unajulikana. Lakini mchimbaji wa Kamituga analipwa kwa kile kilichotoka shimoni, mbebaji wa mizigo kwa gunia, mama wa soko kwa kile alichouza. Hakuna anayewaandikia saa. Ndiyo maana neno "masaa imepunguka" linakuwa gumu kueleweka huku: mtu aliyezoea kulipwa kwa mzigo anafikiri aliye na kazi ana mzigo wake kamili kila siku.

Kwa hiyo mazungumzo ya simu yanaweza kubadilika kidogo. Badala ya kuuliza utatuma ngapi, kuna maulizo mengine yanayoleta jibu la kweli zaidi: Juma hii umefanya masaa ngapi? Umepita 40? Unalipwa na usini yenyewe ao na kampuni ya kukodisha? Wenzako nao wamepunguziwa? Jibu la mwisho ni la muhimu. Ikiwa timu nzima imepunguziwa, shida iko kwa soko. Ikiwa ni yeye peke yake, labda kuna ugonjwa ao jambo kazini ambalo hajasema, na hapo anahitaji kusaidiwa kuliko kukemewa.

Kwa upande wa shule, familia inayotegemea Iowa inafaa kupanga minervali kwa masaa 40, si kwa 48. Masaa ya ziada yakija, yawekwe kama akiba ya miezi mibaya: miezi ya baridi ambapo ujenzi unalala, ao majuma ambapo usini inafunga siku mbili. Mtu wa Iowa hawezi kuamua nguruwe wangapi watafika kesho asubuhi. Familia ya Kivu inaweza kuamua kutojenga mwaka mzima wa mtoto juu ya siku ya posho ya mtu mwingine.